Kisu Kisichosikika: Kupima Anime Iliyokatwa Vijazio

Naruto ya kwanza ina episodi 220, na Shippuden ina 500. Mtu wa Ngara au Biharamulo anayezishusha kwa bando la simu, au anayekwenda kuwekewa kwenye flashi, analipia kila moja, iwe na hadithi au iwe kijazio cha kupitisha muda tu. Ndiyo maana matoleo yaliyokatwa na mashabiki yana faida kubwa huku kwetu kuliko kwa mwenye intaneti ya waya nyumbani. Tatizo ni kwamba yapo yaliyokatwa na fundi na yapo yaliyokatwa na mwenye haraka zake, na jina la faili halikwambii.

Vijazio vyenyewe vinatokana na kalenda. Mchoraji wa manga hutoa sura moja kwa wiki, televisheni nayo inataka episodi kila wiki, na episodi moja hula zaidi ya sura moja. Studio ikimkaribia mchoraji hufanya moja kati ya mambo mawili: inabuni hadithi ya pembeni, au inaivuta ile iliyopo. Naruto ilichukua njia ya kwanza. Kuanzia episodi ya 143 hadi 219 ni mambo ya pembeni karibu yote. Bleach nayo ilituletea hadithi ya pembeni ya Wabount, ambao sijakutana na mtu anayewakumbuka kwa mapenzi. One Piece, iliyoanza kurushwa mwaka 1999, ilipendelea kuvuta. Kisa cha Dressrosa peke yake kina episodi 118, nyingi zikiwa na sura moja ya manga au pungufu.

Kuondoa hadithi za pembeni si ufundi. Ukiwa na orodha ya namba unaruka mwenyewe, na anayekuuzia “Naruto bila vijazio” kwa kufuta mafaili amefanya kazi ya kidole kimoja. Ufundi uko pale mtu anapoingia ndani ya episodi, akatoa muhtasari wa wiki iliyopita, akapunguza nyuso zinazoshangaa moja baada ya nyingine, kisha akaunganisha mbili au tatu ziwe moja. Mashabiki wa One Pace wamejijengea jina kwa kazi hiyo, wakiweka manga pembeni kama kipimo.

Pima kwa sikio. Jicho ni jepesi kudanganyika, maana katuni inaruka kutoka sura hadi sura hata isipokatwa. Chukua pambano lolote la Dressrosa: Luffy, shujaa wa One Piece, anarusha ngumi, wanaonyeshwa watazamaji kumi wakitoa macho, kisha ngumi inafika. Mkataji anaondoa saba. Picha inapita vizuri kabisa, lakini chini yake ngoma iliyokuwa inapanda inageuka ghafla kuwa vinanda, au mtu anakatwa mkia wa neno. Fumba macho usikilize dakika mbili. Fundi hutafuta mahali muziki unapopumua ndipo aingize kisu, na pasipokuwepo, hutafuta wimbo uleule bila maneno akautandika upya juu ya kiungo. Ni kazi ya saa nyingi kwa sekunde chache, na ukiisikia imefanyika, mheshimu.

Kipimo cha pili ni ukimya, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Mkataji mwenye njaa ya kufupisha huona kila sekunde isiyo na maneno kuwa kijazio. Nenda moja kwa moja kwenye maziko ya meli Going Merry, episodi ya 312 ya One Piece. Theluji, moto, mabaharia wamesimama. Toleo linalopapasa hapo limekosa maana ya kukata, hata kama linaokoa dakika kumi.

Ukitaka kulinganisha na kazi ya wenye mali, ipo Dragon Ball Kai ya mwaka 2009, ambamo studio ya Toei yenyewe iliipunguza Dragon Ball Z yenye episodi 291. Zile dakika tano za mwisho za sayari Namek, zilizochukua episodi chungu nzima, zimebanwa vizuri. Lakini walitupa pia episodi ya Goku na Piccolo wakijifunza kuendesha gari. Kwa kanuni ni kijazio. Kwa moyo wangu, hapana. Shabiki anayeibakiza episodi hiyo ana ladha.

Kuhusu tafsiri sitasema mengi. Maandishi ya chini yakichelewa nusu sekunde baada ya kila kiungo, rudisha. Na usitarajie mkato safi ukae vizuri chini ya sauti ya msimuliaji wa kibanda umiza. Utamaduni huo, ule wa wasimuliaji wa filamu kama Lufufu wa Dar es Salaam na ma-VJ wa Uganda, huishi kwa kuongeza: utani, maelezo, majina mapya. Msimuliaji anahitaji zile nyuso kumi ili apate pa kusemea, kwa hiyo mwache na toleo refu.

Dukani usikubali kuonyeshwa dakika ya kwanza. Kila mtu huipamba. Omba irushwe hadi katikati, pale episodi mbili zinapokutana na wimbo wa kufungulia umeondolewa. Na ukiwa njiani, basi limesimama Nyakanazi kwa muda wa kununua mahindi tu, usibebe mfululizo mzima. Chukua kisa kimoja, kisikilize kwa spika za masikioni hadi Rusumo, kilichobaki utakinunua ukirudi.