Kufungua Swichi Chini ya Maji

Hivi karibuni tuliletewa tuipitie tafsiri ya maagizo ya usalama kwa wazamiaji wanaokata na kulehemu vyuma chini ya maji kwa umeme. Lugha yake ni safi, na mfasiri amejitahidi. Hata hivyo, yamo maneno matatu ambayo, yakiachwa kama yalivyo, yaweza kumdhuru mtu.

La kwanza ni ‘mkondo’. Agizo lasema: ‘Mkondo usiwepo ila wakati wa kazi.’ Baharia atafikiri juu ya maji yaendayo kasi. Fundi atafikiri juu ya umeme. Istilahi ni sahihi, lakini mahali hapa peke yake haitoshi. Iandikwe kwa ukamilifu kila mara: ‘mkondo wa umeme’ au ‘mkondo wa maji’.

La pili ni ‘shoti’. Katika tafsiri hii mzamiaji hupigwa shoti, na nyaya nazo hupiga shoti. Mtu kupitiwa na umeme mwilini kuitwe ‘kupigwa na umeme’. ‘Shoti’ iachiwe nyaya zigusanapo.

La tatu ndilo zito. Mzamiaji abadilipo fimbo ya kukatia, sharti msaidizi wake aliye juu awe ameuzima umeme, maana maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi na ngozi iliyolowa haikingi vema. Mfasiri ameandika: ‘Fimbo ibadilishwapo, fungua swichi.’ Katika fani ya umeme, kufungua swichi ni kutenganisha ili umeme usipite. Lakini Mswahili afunguapo redio hutaka isikike, na afunguapo bomba hutaka maji yatoke. Msaidizi akilitii agizo hili kwa Kiswahili chake, atampelekea umeme mwenzake aliyeshika fimbo mkononi.

Yupo atakayependekeza ‘kata umeme’. Hatuafiki, kwa kuwa kazi yenyewe ni kukata chuma, na amri ikisikika nusu katika simu ya mzamiaji yaweza kueleweka kinyume. Twaonelea ‘zima umeme’ na ‘washa umeme’ zatosha, kwani hazifanani kwa sauti wala kwa maana. Tena msaidizi ajibu baada ya kutekeleza: ‘Umeme umezimwa’, ndipo fimbo ibadilishwe.

Kulinganisha neno kwa neno hakutoshi kuipima tafsiri ya namna hii. Kabla ya kuidhinisha agizo, mfasiri na amsomee mwenye kazi, kisha amwulize: ‘Sasa utafanya nini?’