Fumbo Mbele ya Hadhara: Mahubiri ya Askofu Gitari na Suala la Ujasiri wa Kikristo

Uhakiki wa fasihi nchini Kenya umezoea kuutafuta ujasiri wa kisiasa katika ushairi na tamthilia. Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotungwa gerezani, imejadiliwa mara nyingi kwa sababu hiyo. Mahubiri, kwa upande wake, yameachiwa wanatheolojia, ingawa yana fanani, hadhira, matini na mahali maalumu pa utendaji, yaani sifa zote ambazo kwazo utanzu wa fasihi simulizi hutambuliwa. Makala haya yanachunguza mahubiri ya David Gitari, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Mlima Kenya Mashariki tangu mwaka 1975. Dayosisi hiyo ilijumuisha Kirinyaga, Embu, Meru na maeneo ya kaskazini, hadi ilipogawanywa mwaka 1990 kuwa ya Embu na ya Kirinyaga. Hoja inayotetewa ni kwamba ujasiri wa mahubiri haya haumo katika ukali wa maneno. Umo katika kulitega fumbo mahali ambapo hadhira nzima italitegua kwa pamoja, kila mtu akishuhudia kwamba mwenzake naye amelitegua.

Fanani huyu alirithi sauti mbili. Ya kwanza ni ya mugambi, msemaji wa baraza la wazee katika jamii za mashariki ya Mlima Kenya, ambaye uzito wake ulitokana na uwezo wa kulipima neno kabla ya kulitoa. Ya pili ni ushuhuda wa uamsho wa Afrika Mashariki, ambapo muumini husimama mbele ya wenziwe na kuungama. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wako wanauamsho waliokataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kubeba silaha za serikali, wakahatarisha maisha yao kwa pande zote mbili. Hata hivyo, ushuhuda una mpaka wake: mhusika wake mkuu ni “mimi”. Dhambi inayofichuliwa ni ya msemaji mwenyewe, na wenye mamlaka wanaweza kuusikiliza bila kushtuka.

Gitari aliuvuka mpaka huo. J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipouawa mwezi Machi 1975, Gitari, wakati huo katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alitoa mawaidha katika redio ya taifa akikitumia kisa cha Kaini na Habili. Kifani, uteuzi huu una nguvu ya pekee. Kisa hicho hakihitaji mtuhumiwa atajwe, kwa kuwa kiini chake ni swali. Kaini anaulizwa aliko nduguye, naye anajibu kwa kuukana wajibu wa kumlinda. Msikilizaji wa redio alijikuta amewekwa mahali pa anayeulizwa. Kwa hiyo nafsi ya kwanza ya ushuhuda iligeuka nafsi ya pili, na ungamo likawa mashtaka.

Mbinu hii ilikomaa mwezi Juni 1987, Gitari alipohubiri mjini Nyeri juu ya sura ya 6 ya kitabu cha Danieli. Katika sura hiyo wakubwa wenye wivu wanamsifu mfalme ili atie sahihi sheria isiyobadilika, kisha mfalme mwenyewe ananaswa na sheria yake. Ilikuwa miezi michache tu tangu katiba ya Kenya irekebishwe ili kuuondoa ulinzi wa kazi ya Mwanasheria Mkuu. Wanasiasa waliyashambulia mahubiri hayo kwa hasira. Hapa pana kinaya: aliyelalamika kwamba ametukanwa kwa kisa cha Babeli alikuwa amekiri kwamba amejiona humo.

Yawezekana kudaiwa kwamba fumbo ni ngao ya mwoga, kwa kuwa askofu angeweza daima kusema kwamba alikuwa akieleza Maandiko tu. Dai hili lina uzito, lakini linausahau muktadha wa utendaji. Mwaka 1986 chama cha KANU kiliidhinisha upigaji kura wa mlolongo, nao ukatumika mwaka 1988. Mwananchi alitakiwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, machoni pa chifu, jirani na mwajiri. Dola lilikuwa limeiteka lugha ya ujasiri. Kusimama hadharani kwa msimamo wako kuligeuzwa kuwa njia ya kumtambua mpinzani na kumtisha. Viongozi wa makanisa, Gitari miongoni mwao, waliupinga utaratibu huo. Fumbo la mimbarini lilikuwa kinyume cha mlolongo. Aliyejianika alikuwa mhubiri peke yake, na msikilizaji aliachiwa uhuru wa kufikia maana bila kuorodheshwa. Gharama yake ilionekana mwezi Aprili 1989, genge lilipoivamia nyumba ya askofu usiku. Alikimbilia juu ya paa, akapiga mayowe, na majirani wakaja kumwokoa.

Tukio hilo linaonyesha pia upungufu wa mahubiri yenyewe. Danieli ni shujaa wa pekee. Katika tundu la simba hakuna majirani. Jazanda hiyo inamkuza mhubiri na kuifanya hadhira itazame tu, ilhali usiku ule uhai wa askofu uliitegemea hadhira hiyo. Kifo Kisimani (2001), tamthilia ya Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, inalikabili tatizo hili kwa namna nyingine. Mwelusi, mtetezi wa wanyonge wa Butangi, anauawa na Gege, nduguye wa tumbo moja aliyerubuniwa na utawala. Kaini na Habili wamerudi bila mimbari, na umma wa Butangi ndio unaopaswa kuamua utafanya nini baada ya kifo hicho.

Mahubiri ya Gitari yamehifadhiwa katika mikusanyo ya Kiingereza, Let the Bishop Speak (1988) na In Season and Out of Season (1996). Maandishi hayawezi kuurudisha ukimya uliofuata swali, wala macho ya watu walipogundua kwamba wote wameelewa. Uhakiki unaoyasoma kama theolojia iliyopigwa chapa tu utakuwa umelipoteza lile lililowakasirisha watawala: halaiki ya watu wanaojua, na kila mmoja akijua kwamba mwenziwe anajua.