Mwandishi na Mgombea: Uhakiki wa Barua ya Steinbeck kwa Stevenson

Uhusiano wa mwandishi na kiongozi ni suala la kisiasa kabla ya kuwa suala la fasihi. Mwandishi anapompigia kampeni mgombea, je, kalamu yake hubaki kuwa ya wananchi, au hugeuka kuwa mali ya mgombea? Tutalijibu swali hili kwa kuichambua barua ambayo John Steinbeck, mwandishi wa Marekani, alimwandikia mwanasiasa Adlai Stevenson tarehe 5 Novemba 1959.

Stevenson, gavana wa Illinois, aligombea urais mwaka 1952 kwa tiketi ya chama cha Democratic. Alishindwa na Jenerali Eisenhower, akipata majimbo 9 tu kati ya 48. Mwaka 1956 aligombea tena akapata 7. Steinbeck alimuunga mkono mara zote mbili, na mwaka 1952 aliandika dibaji ya kitabu cha hotuba zake. Kilichomvuta ni lugha: hotuba zilizo wazi, zisizo na porojo.

Hatuna sababu ya kumweka Steinbeck katika kundi la wapambe. Barua ya 1959 ilikwenda kwa mtu aliyekwisha kushindwa mara mbili, asiye na cheo cha kugawa. Tena si barua ya sifa. Wakati huo ilikuwa imefichuka kwamba mashindano ya maswali katika televisheni yalikuwa udanganyifu mtupu, kwani baadhi ya washindani walipewa majibu mapema. Steinbeck anamwambia rafiki yake kwamba taifa lao linaoza kwa wingi wa vitu, na anatoa mfano wa mtoto anayefungua lundo la zawadi za Krismasi kisha anauliza kama ni hizo tu. Kusema hivyo kulihitaji ujasiri.

Lakini ujasiri peke yake si uchambuzi. Ni nani hasa aliyeshiba? Barua inazungumza kana kwamba Wamarekani wote walikula sahani moja, ilhali wakati huo huo Weusi wengi wa majimbo ya Kusini walizuiwa hata kupiga kura. Mashindano yale yaligharimiwa na makampuni yaliyotaka kuuza bidhaa zao. Faida ndiyo iliyozaa uongo. Steinbeck wa 1939, katika riwaya ya The Grapes of Wrath, aliwataja mabenki na mabwanyenye wa mashamba waliowafukuza wakulima wa Oklahoma na kuwanyonya huko California. Steinbeck wa 1959 anaulaumu moyo wa binadamu, na mwenye mali hamgusi. Ugonjwa ameuona, chanzo chake amekiacha.

Udhaifu wa pili ni kumpima kiongozi kwa ufasaha. Mwaka 1961 Stevenson aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Mwezi Februari, habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba zilipotangazwa, waandamanaji Weusi wa Marekani walimkatiza akihutubia Baraza la Usalama kuhusu Kongo. Mwezi Aprili, Cuba iliposhambuliwa, aliuonyesha ulimwengu picha ya ndege akidai ni ya askari wa Cuba walioasi. Picha ilikuwa ya uongo. Serikali yake mwenyewe ilikuwa imemdanganya, lakini hakujiuzulu. Alibaki katika wadhifa huo mpaka alipofariki Julai 1965. Ulimi ule ule uliosifiwa kwa usafi wake ukawa chombo cha kupitishia uongo.

Kwa kada na mwanafunzi, funzo ni hili. Mwandishi anayemuunga mkono mgombea ana haki ya kufanya hivyo, na kumwandikia ukweli ni wajibu wake. Lakini barua yake itawafaa wananchi pale tu itakapouliza maswali mawili: nani ananufaika na uovu huu, na wewe kiongozi utafanya nini juu yake? Barua isiyouliza hayo, hata ikiwa nzuri namna gani, hubaki kuwa mazungumzo ya marafiki wawili.