Mkasi wa makali matano: je, unakata mara tano zaidi?

Ukiutazama dukani, hesabu yake inavutia. Makali matano kila upande, yamepangwa sambamba. Ukibana mara moja, jani linakatika sehemu tano. Muuzaji anakuambia kazi ya mboga itaisha haraka mara tano. Tumeujaribu hapa Lalago, Wilaya ya Maswa, kwa mboga ambazo majiko yetu yanazijua: matembele, majani ya kunde, sukuma wiki na vitunguu majani. Tukaongeza na karatasi. Swali lilikuwa moja tu: hiyo "mara tano" ipo kweli?

Tuanze na fizikia ya sekondari. Mkasi ni nyenzo ya daraja la kwanza: egemeo liko katikati, jitihada upande wa mkono, mzigo upande wa makali. Sasa, makali matano yakigusa jani kwa pamoja, kila moja linadai sehemu yake ya jitihada. Mkono wako haujaongezeka nguvu, imegawanywa tu. Kwa vitunguu majani hutahisi chochote. Kwa kikonyo kinene cha sukuma wiki utahisi: kinapinda na kunasa katikati ya makali badala ya kukatika.

Halafu kuna hesabu ambayo muuzaji haisemi. Mama anayejua kazi yake hakati jani moja moja. Anapanga majani kumi, anayakunja pamoja, anayabana kwa vidole, ndipo kisu kinapita. Kila pigo la kisu linakata majani kumi. Mkasi huu ukiupa majani mawili, makali matano yanakupa mikato kumi. Kumi kwa kumi! Kuzidisha ni kulekule. Kumehamishwa tu kutoka kwenye fungu la majani kwenda kwenye chuma. Na muda mwingi wa mboga hauendi kwenye kukata, unaenda kwenye kuchambua na kuosha, ambako mkasi haukusaidii hata kidogo.

Lakini kasoro kubwa zaidi inahusu lishe. Matembele yaliyotoka kuoshwa yanaganda katikati ya makali, kwa sababu maji huyanatisha kwenye chuma kama karatasi mbili zilizolowa zinavyonatana. Kila baada ya mikato michache unasimama kuchokoa kwa kale kachanuo ka plastiki kanakouzwa nao. Kukwepa usumbufu huo, mtu anashawishika kukata majani makavu kwanza, kisha kuosha. Hapo ndipo hasara ilipo. Vitamini C inayeyuka kwenye maji, na jani lililokatwa vipande vyembamba lina kingo nyingi zilizo wazi za kuivujisha. Kanuni ya jikoni ni kuosha kwanza, kukata baadaye. Kifaa kinachokuvuta uigeuze kanuni hiyo hakijakusaidia, hata kama kimekuokolea dakika.

Usafi nao ni shida. Nafasi kati ya makali ni nyembamba, kitambaa hakipiti vizuri. Usiutumie kwa nyama mbichi wala samaki. Mabaki yanayojificha humo ni chakula cha bakteria. Tena kisu kikiwa butu, fundi wa kunoa mwenye baiskeli anakimaliza mara moja. Makali haya yaliyobanana hayafikiki kwa jiwe lake. Yakiisha, yameisha.

Haki yake tuipe pia. Kwa vitunguu majani na giligilani, vikiwa vikavu baada ya kuoshwa na kukung'utwa maji, unakata vipande vinavyolingana bila kuhitaji ubao. Kwa risiti na karatasi zenye namba zako za siri ni mzuri sana, ila kata mara mbili, wima kisha mlalo, maana vipande virefu mtu anaweza kuviunganisha.

Kwa hiyo ukiwa nao, uweke mezani kwa ajili ya karatasi, na wa pili, ukipenda, kwa viungo. Kwa sufuria ya mboga ya familia, kisu kimoja kikali na fungu lililokunjwa vizuri bado vinatosha.