Kuosha Moteri Bila Kuiua

Kuosha mwili wa gari kila mtu anajua. Mpe mtoto ndoo na sabuni ya unga, atakurudishia Land Cruiser inayong'aa kabla ugali haujaiva. Lakini fungua kapo, umwambie aioshe na moteri vilevile, na kesho utakuwa unatafuta fundi wa umeme. Ukiwa Walikale, fundi huyo mara nyingi yuko Goma au Bukavu, na alternata mpya utakayoihitaji iko hukohuko.

Ndiyo maana nawavulia kofia vijana wachache wanaojua kazi hii. Wanaifanyia uani kwa mwenye gari, bila mashine yoyote, na nusu ya kazi yao inakwisha kabla tone la maji halijaanguka.

Gari likitoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 3, likapita Hombo na kuupasua msitu, linafika limebeba kila kitu kilichokuwa njiani. Kuna udongo mwekundu, majani yaliyooza chini ya kioo cha mbele, wadudu waliojazana kwenye mapezi ya radieta. Pale oili inapovuja kidogo, vumbi hunasa, tope hurukia juu yake, vumbi tena, mpaka moteri inavaa koti zito. Koti hilo huzuia joto lisitoke na huficha mahali panapovuja. Likikaribia bomba la moshi, linaweza kushika moto.

Shofere daima ana haraka. Amefika sasa hivi, anataka gari lioshwe sasa hivi. Jibu ni lilelile: "Papa, acha moteri ipole kwanza." Chuma cha bomba la moshi hutunza moto muda mrefu baada ya ufunguo kuzimwa. Kikimwagiwa maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka, na mvuke wake unaunguza uso. Kijana anasubiri, kisha anaweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu. Kiganja kikivumilia kukaa hapo, anaanza. Hataki ipoe kabisa, kwa sababu grisi yenye vuguvugu hulegea upesi.

Kwanza anatoa uchafu mkavu kwa brashi na mkono: majani, mabonge ya udongo, pengine hata kiota cha panya. Halafu betri. Waya wa hasi ndio unaotangulia kufunguliwa, kwa kuwa umeungwa na mwili wa gari. Ukianza na chanya, spana ikagusa chuma cha karibu, cheche zitaruka. Ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri anausugua kwa bikaboneti iliyokorogwa na maji. Unatoa povu, unakwisha, naye anaangalia isipenye hata kidogo kwenye matundu ya betri.

Hapa ndipo ningependa utazame mikono yake. Anachukua mfuko wa plastiki, anaufunika juu ya alternata mdomo ukitazama chini ili maji yasije yakakaa ndani, kisha anaufunga kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya pikipiki. Anavuta mara moja kuona kama umeshika. Mfuko mwingine unaziba mdomo wa hewa unaokwenda kwenye filta. Maji yakiingia hapo yakafika kwenye silinda, moteri inaweza kupinda vyuma vyake yenyewe. Sanduku la fyuzi linafunikwa, na viungio vya nyaya kimoja kimoja. Kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia vinakazwa. Akimaliza anazunguka upande wa pili, anapiga tochi, na anafunga tena kile alichokwisha kufunga.

Land Cruiser nyingi za barabara zetu zina moteri ya 1HZ, ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990: mazutu, lita 4.2, silinda 6, pampu ya kimekanika, haina plagi za cheche. Moteri hii imewaharibu waoshaji wengi kwa kuwasamehe. Wanaizoea, halafu wanaletewa gari dogo la esanse lenye sensa na koili zilizokaa juu ya plagi, wanalimwagia maji kwa mazoea yaleyale. Maji yanatuama kwenye visima vya plagi, na gari linaondoka likitetemeka.

Sabuni inapakwa kuanzia chini kwenda juu, isije ikamchuruzikia anayesugua kule chini, na haiachwi ikauke. Mswaki wa meno unaingia pasipofika brashi. Wapo wanaotumia esanse kwa sababu inayeyusha grisi haraka. Huo ni wazimu: mvuke wake unatambaa chini kimyakimya, na jirani hapo pembeni ana mbabula wa makaa. Petroli ya taa nayo huvimbisha mikanda na mipira.

Kusuuza ni kwa bidoni ya lita 5 iliyotobolewa matundu kwenye kifuniko. Maji yanashuka taratibu, kuanzia juu. Pampu ya nguvu inasukuma maji kupita sili na kupinda mapezi ya radieta. Radieta yenyewe inasuuzwa kutoka upande wa feni kuelekea nje, ili tope litoke kwa mlango lilioingilia. Chini ya gari ametandaza unga wa mbao unaokunywa oili, na anauzoa wote baadaye. Wengine hupeleka magari moja kwa moja mtoni Lowa, huku akina mama wakichota maji upande wa chini. Sheria ya maji ya Kongo ya mwaka 2015 hairuhusu jambo hilo, wala akili ya kawaida.

Baada ya kukausha kwa kitambaa anatoa mifuko, anarudisha waya wa chanya kisha wa hasi, anawasha na kuiacha iungurume kapo likiwa wazi. Wala hapaki oili ili ing'ae. Wanaofanya hivyo wanauza gari, au wanaliandaa linase vumbi upya. Anainama, anatazama. Kwenye nati ya bomba moja la injekta, chuma kikavu kinaanza kulowa. "Papa, ona hapa, mazutu inatoka." Robo ya mzunguko wa spana, basi. Jana hakuna ambaye angeiona.

Basi ukimwita mtu aje akuoshee moteri, muulize kwanza mifuko yake ya plastiki iko wapi. Kama hana, mlipe nauli arudi kwake, na gari liache chafu.