Nyuso mbili za alunga

Wachongaji wa Kibembe wa Fizi na Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, nawapa pongezi zangu bila kupunguza neno. Tazama alunga, kinyago cha chama chenye jina hilohilo. Ni gogo moja lililokombwa ndani mpaka likawa kama pipa, kichwa kizima cha mvaaji kikaingia. Hakuna pa kuunga. Tezo ilipoteleza ikatoboa ukuta, ilibidi mti mwingine utafutwe.

Lakini ustadi wenyewe uko machoni. Fundi alichimba mashimo mawili mapana, akayapaka udongo mweupe, na katikati ya kila shimo akaacha mboni ya mti iliyoinuka, yenye umbo la msalaba. Kisha alizunguka upande wa pili na kurudia yote, maana alunga ana nyuso mbili. Nikimtazama naona kwamba hakuna wa kumnyemelea kwa nyuma. Juu palichomekwa manyoya na miiba ya nungu, na mwili wa mvaaji ulifunikwa kwa nyuzi. Hakuchongwa akae ukutani. Alitoka nje, akacheza mbele ya watu.

Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia Mbelgiji aliyefanya utafiti huko miaka ya 1950, aliandika juu ya sanaa hii. Leo vinyago vingi vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na mara nyingi kibao husema “Bembe” tu. Hilo linaniuma. Mkono uliopima unene wa mti kwa kidole, ndani ya giza la gogo, ulikuwa wa mtu mwenye jina, na jirani zake walilijua.