Kadi Isiyokubali Kufomatiwa: Kwanza Jua Anayekataa

Kadi yenyewe ni microSD ya GB 32, imetoka kwenye simu ya Android. Ukiichomeka kwenye kompyuta inafunguka na picha zote zinaonekana. Ila ukiifomati, Windows inahangaika kidogo kisha inatangaza kwamba imeshindwa kukamilisha kazi. Wengi wakifika hapo hupakua programu moja baada ya nyingine. Mimi nashikilia kwamba swali la kwanza ni nani anayekataa: kisoma kadi, kompyuta, au kadi yenyewe?

Kabla ya lolote, picha zote zilinakiliwa kwenye kompyuta. Kadi ikiwa bado inasomeka, hatua hiyo haisubiri.

Kisha ikaja zamu ya adapta. MicroSD haina swichi ya kufunga. Swichi iko ubavuni mwa adapta, na haiunganishwi na chochote ndani ya kadi. Kisoma kadi ndicho kinachoangalia imekaa upande gani. Kwa hiyo ukiambiwa diski imelindwa isiandikwe, mshukiwa wa kwanza ni swichi iliyosogea au adapta iliyochakaa. Hapa adapta na kisoma kadi vilibadilishwa, tatizo likabaki.

Ikabaki diskpart, zana ya Windows ya kusimamia diski kwa amri, inayofunguliwa kwa haki za msimamizi. Andika "list disk", uitambue kadi kwa ukubwa wake (GB 32 huonyeshwa kama 29 hivi), ndipo uichague kwa "select disk" na namba yake. Tafadhali hakiki namba hiyo mara mbili, maana amri inayofuata, "clean", ikielekezwa kwenye diski nyingine yenye data zako itaondoa mgawanyo wake wote. Diskpart ikajibu kwamba kadi imesafishwa. Kadi ikachomolewa, ikarudishwa, na picha zote zikawa palepale, kama hazijaguswa.

Hapo uchunguzi ulikwisha. Seli za kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Akiba ya seli nzima ikiisha, chipu ya udhibiti iliyomo ndani ya kadi inaweza kufunga uandishi moja kwa moja na kuacha usomaji tu. Kadi nyingine za aina hii hupokea amri kisha haziitekelezi, ndiyo maana kompyuta ilidhani imefaulu. Uamuzi umefanyika ndani ya kadi, na hakuna programu ya kufomati inayoweza kuutengua. Anayekuuzia programu ya kuifufua anakula pesa yako bure.

Kesi ya kadi ya GB 64 na zaidi ni tofauti: dirisha la kawaida la kufomati la Windows kwa miaka mingi halikutoa mfumo wa faili wa FAT32 juu ya GB 32. Chagua exFAT, tatizo linaisha.

Kadi iliyojifunga haifutiki, na picha za familia bado zimo. Usiirudishe dukani wala kumpa mtu. Ikate vipande vidogo kabla ya kuitupa.